Tetris ya pande tatu inanishinda. Je, ubongo wangu una kasoro?

*"Mimi ni binti wa miaka 23, nafanya kazi kwenye karakana ya mbao ya baba yangu hapa Mafinga. Gemu ya matofali nimeicheza tangu shule ya msingi, na kwenye simu sijapata wa kunifunga mtaani kwetu. Mwezi uliopita kaka alileta kompyuta ya mezani ya zamani yenye tetris ya pande tatu, ile unayoangalia shimo kutoka juu. Simalizi dakika mbili. Kipande kikija sijui nibonyeze nini, na nikibonyeza kinakaa vingine kabisa. Baadaye kichwa kinauma na nasikia kichefuchefu. Usiku nikifumba macho naona vipande vinashuka. Mdogo wangu wa darasa la sita ananipita mbali. Fundi mmoja kaniambia wanawake hawakuumbiwa kuona pande tatu, mwingine anasema lazima jicho langu moja ni bovu. Nilikuwa najiandaa kuomba VETA nisomee useremala na kuchora michoro ya samani, sasa nimeingiwa na hofu. Je, niache? Na nikijilazimisha kucheza kila siku, itanisaidia kwenye michoro?"*

Mdogo wangu, usiache kuomba VETA. Nalisema hili mwanzoni ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Unayopitia si dalili ya ubongo wenye kasoro, na wala si kipimo cha useremala wako. Mimi nafundisha michoro ya kiufundi hapa Mbeya, na kila mwaka napokea vijana wenye mikono mizuri sana ya kazi ambao siku ya kwanza mchoro unawatoa jasho. Wengi wao baadaye wanachora vizuri kuliko wale walioanza kwa kujiamini.

Hofu yako imesimama juu ya dhana moja: kwamba tetris ya pande tatu ni ileile uliyoizoea, imeongezewa kina tu, kwa hiyo aliyekuwa bingwa kule akishindwa huku basi ana tatizo. Dhana hiyo si kweli. Tetris ya kwanza ilitengenezwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, kwenye mashine iitwayo Elektronika 60 ambayo haikuweza kuchora picha, hivyo vipande vilionyeshwa kwa alama za mabano. Kwa maelezo yako, gemu inayokusumbua ni BlockOut au mojawapo ya nakala zake. Hiyo ilitoka mwaka 1989, ikaandikwa na Wapolandi wawili, Aleksander Ustaszewski na Mirosław Zabłocki. Mwaka huohuo Pajitnov naye alishiriki kutoa Welltris, ambayo pia unaitazama kutoka juu, ila vipande vyake vinateleza ukutani na kuishia kulala bapa sakafuni. Yaani hata aliyebuni tetris hakuwapeleka wachezaji wake mbali kama ulikopelekwa wewe.

Tuhesabu vipande vyenyewe, maana hapo ndipo siri ilipo. Kwenye gemu ya kawaida kuna vipande saba vya miraba minne minne, na hakuna chenye mikao zaidi ya minne. Kile kirefu kina miwili, mraba una mmoja tu. Sasa ingia shimoni. Kipande chenye umbo la herufi L na kile kilichogeuka, cha J, vinakuwa kipande kimoja, kwa sababu L ukiipindua chali inakuwa J. S na Z vilevile. Saba vinakuwa vitano. Kisha vinaongezeka vitatu ambavyo havilali bapa hata ufanyeje: kimoja ni kona yenye miguu mitatu, na viwili vimejisokota, mmoja kwa kushoto na mwenzake kwa kulia. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vinavyowatesa watu. Ni kama kiatu cha kushoto na cha kulia: vinafanana kila kitu, lakini cha kushoto ukigeuze utakavyo hakitakuwa cha kulia. Mchezaji anakizungusha kipande mara tano, sita, akitafuta mkao ambao kipande hicho hakina.

Jumla ni vipande vinane. Idadi hiyo haitishi, kinachotisha ni mikao. Ule mraba uliokuwa na mkao mmoja sasa una mitatu. T ina 12. L, ambayo kwenye simu ulikuwa unaimaliza kwa mikao minne, shimoni ina 24. Na tabaka moja la shimo la tano kwa tano linataka michemraba 25 ndipo lifutike, wakati mstari wa tetris ya kawaida unataka 10 tu.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye simu hukuwahi kukutana nalo, na nadhani ndilo linalokufanya useme "kinakaa vingine kabisa". Chukua kiberiti sasa hivi. Kilaze mezani, picha ikiwa juu, urefu wake ukielekea kushoto na kulia. Kipindue kwenda mbele, robo mzunguko, picha itazame mbali nawe. Halafu kigeuze robo mzunguko kwa mwendo wa mshale wa saa kama unavyokiona kutoka juu. Kimelala kwa ubavu, picha inatazama kulia. Rudisha mwanzo, ufanye yaleyale kwa kubadili zamu: geuza kwanza, kisha pindua mbele. Safari hii kimesimama wima. Mizunguko ni ileile miwili, matokeo ni mawili tofauti. Kwenye tetris ya kawaida kuna mhimili mmoja tu wa kuzungukia, kwa hiyo zamu haina maana. Ukibonyeza mara tatu, ni mara tatu. Hapa kuna mihimili mitatu na zamu inaamua kila kitu. Vidole vyako vimefundishwa kwa miaka mingi kwamba zamu haijalishi. Vinachofanya sasa ni kutii mazoea.

Tuje kwenye jicho. Aliyekuambia jicho moja ni bovu alikuwa na nia njema, lakini hoja yake haishiki. Ni kweli kwamba macho mawili yanasaidiana kukadiria umbali, kwa sababu kila moja linaona kitu kutoka mahali tofauti kidogo. Lakini kioo cha kompyuta ni bapa. Macho yote mawili yanapata picha ileile, kwa hiyo hata mwenye jicho moja anaicheza gemu hiyo akiwa na taarifa zilezile ulizo nazo wewe. Kina unachokiona kinatokana na hila za mchoro: mistari inayokutana kuelekea chini, na rangi tofauti ya kila tabaka. Tatizo la kweli liko kwenye kipande kinachoshuka. Kinachorwa kwa mistari mitupu ili uone kilicho chini yake, na mchoro wa mistari mitupu una utata wa asili. Mswisi Louis Albert Necker aliueleza mwaka 1832: mchemraba uliochorwa kwa mistari tu unaweza kuonekana uso wake wa mbele ni huu, na ghafla, bila kubadilika chochote, ukaonekana ni ule mwingine. Ubongo wenye afya kabisa unaruka kati ya picha hizo mbili. Ukiwa umebanwa na muda, utabonyeza kwa kuifuata picha isiyo sahihi.

Na huyo mdogo wako? Kaa nyuma yake umtazame vidole. Nina hakika hakai kufikiri kipande kitakaaje. Anakizungusha papo hapo, anaangalia, anazungusha tena. David Kirsh na Paul Maglio waliwachunguza wachezaji wa tetris na kuchapisha mwaka 1994 kwamba wachezaji hodari wanazungusha kipande mapema na mara nyingi kuliko inavyohitajika, kwa sababu kukigeuza kwenye kioo ni haraka kuliko kukigeuza kichwani. Kichwani ni kazi ya polepole kwa kila binadamu. Roger Shepard na Jacqueline Metzler walilipima hilo mwaka 1971 kwa picha za michemraba iliyounganishwa: kadiri pembe ilivyokuwa kubwa ndivyo watu walivyochelewa kujibu, kwa mwendo wa nyuzi kama 60 kwa sekunde. Nusu mzunguko, sekunde tatu zimekwenda. Wewe, kwa kuwa ni mtu wa kupima kabla ya kukata, unataka kumaliza hesabu kichwani ndipo ubonyeze. Kwenye mbao tabia hiyo ni dhahabu. Shimoni muda unakwisha.

Kuhusu lile neno la wanawake, sitakuficha. Kwenye majaribio ya kuzungusha maumbo akilini, hasa yenye muda mfupi, wastani wa wanaume huwa juu. Lakini wastani haukuhusu wewe binafsi, makundi hayo mawili yanaingiliana sana, na ujuzi wenyewe unafundishika. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 za mafunzo ya aina hii wakakuta mafunzo yanaongeza uwezo, kwa wanawake na kwa wanaume, na faida inadumu. Kauli ya "hawakuumbiwa" inamfungia mtu mlango kabla hajafika mlangoni, na imenikera kwamba uliisikia ndani ya karakana yenu. Wewe ambaye unakata ulimi wa mguu wa meza ukijua upande upi utaingia ndani, na tundu upande wa pili ulichimbe wapi ili vikutane, unafanya kazi ya pande tatu kila siku. Tofauti ni kwamba mbao unaishika.

Kichefuchefu na kichwa tuvitengenezee njia. Kipande kipya kinatokea mdomoni mwa shimo kikiwa kikubwa, kinajaza kioo, kisha kinazunguka na kukimbilia chini. Macho yanaripoti mwendo, wakati sehemu ya sikio la ndani inayopima mwendo wa mwili inaripoti kwamba umekaa kimya kwenye kiti. Taarifa hizo mbili zikigongana, watu wengi tumbo linachafuka, kama wanaosoma kitabu ndani ya basi la kwenda Makambako. Sogea nyuma, angalau urefu wa mkono mzima. Washa taa ya chumba, usicheze gizani. Punguza ukubwa wa dirisha la gemu ikiwezekana, na kama nakala yako ina kamera inayoyumba, izime. Kitu kingine: kama kioo ni kile kizito chenye mgongo, kikiwekwa kuchora picha upya mara 60 kwa sekunde kinapepesa, na kupepesa huko kunaumiza kichwa hata kama hukuoni. Kwenye mipangilio ya kioo pandisha hadi 75 au 85 kama kinakubali. Na ukisikia dalili za mwanzo, acha papo hapo. Kuvumilia kichefuchefu hakumkomazi mtu. Mara nyingi kesho yake kinakuja mapema zaidi.

Ukitaka kujifunza gemu yenyewe, anza na vipande bapa peke yake. BlockOut ina kiwango kiitwacho Flat Fun kwa ajili hiyo, shimo la tano kwa tano lenye kina cha 12. Weka mwendo wa chini kabisa. Vitufe vya kuzungusha ni Q, W na E kwa upande mmoja, na A, S na D kwa kurudisha. Usijifunze vyote sita kwa pamoja. Chagua mhimili mmoja, ubonyeze Q na A mpaka ujue bila kufikiri kipande kitafanya nini, ndipo uhamie W na S. Ukipotea katikati, usiendelee kubonyeza ovyo. Rudisha kwa kitufe cha kinyume, hatua kwa hatua, mpaka ulipokuwa. Tabia ya kuacha shimo refu jembamba ukisubiri kile kipande kirefu iache kwenye simu, maana hapa inaua. Jaza kona na kingo kwanza, kwa sababu kona ina njia chache za kuzibwa, na katikati pabaki tambarare.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: kucheza kila siku kutasaidia michoro? Kidogo, na si kwa jinsi unavyotarajia. Valerie Sims na Richard Mayer walichapisha mwaka 2002 utafiti kuhusu wachezaji wa tetris. Waliobobea walikuwa wepesi kuzungusha akilini maumbo ya tetris na yanayofanana nayo, lakini si maumbo mengine. Gemu inakufundisha gemu. Ikifika mahali unacheza saa mbili kila jioni ukiamini unasoma uchoraji, utakuwa umejidanganya, na muda huo ungekutosha kuchora.

Kilichothibitika kusaidia ni kushika umbo na kulichora kwa mkono. Sheryl Sorby, mhandisi wa Marekani, alisaidia kuanzisha mwaka 1993 kozi katika chuo kikuu cha Michigan Tech kwa wanafunzi wa uhandisi waliopata alama ndogo kwenye jaribio la pande tatu. Yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi michoro ilimtesa. Aliwapa michemraba ya kuunganisha, penseli na karatasi. Waliosoma kozi ile waliboreka, na wengi zaidi, hasa wanawake, waliendelea na uhandisi badala ya kuuacha.

Wewe una kitu ambacho wanafunzi wale hawakuwa nacho: rundo la vipande vya paini vinavyoishia jikoni. Chukua vya mbili kwa mbili. Vipige randa pande zote nne, halafu pima upana halisi, maana baada ya randa haitakuwa inchi mbili kamili, na urefu wa kila mchemraba lazima ulingane na upana huo, la sivyo vipande havitakaa pamoja. Piga skwea kila kichwa. Unahitaji michemraba 32, ukiiunganisha kwa gundi ya mbao minne minne upate vile vinane nilivyokueleza. Vile viwili vilivyojisokota viunganishe siku moja, kimoja baada ya kingine, uone kwa macho yako mchemraba wa mwisho unaelekea wapi. Ukimaliza, weka kipande kimoja mezani uchore mwonekano wa mbele, wa juu na wa pembeni. Kisha kifiche, na kutokana na ile michoro mitatu chora umbo zima kwa isometriki, yaani mchoro mmoja unaoonyesha pande tatu za kitu kwa pamoja. Toa kipande ulinganishe. Makosa yatakuwapo, na kila kosa litakuonyesha mstari gani hasa hukuuona. Fanya nusu saa, mara tatu kwa wiki. Penseli na karatasi ya miraba vinatosha.

Mkono ukiwa mwepesi, weka pembeni kile kirefu na ule mraba, utengeneze kipande kimoja cha ziada cha michemraba mitatu chenye umbo la kona. Unabaki na vipande saba vyenye michemraba 27, na hiyo ni Soma, fumbo la Mdenmaki Piet Hein. Vinajenga mchemraba mmoja wa tatu kwa tatu kwa tatu, na kuna njia 240 tofauti za kuujenga. Mwachie mdogo wako naye ajaribu. Hapo hakuna vitufe vya kumbeba.

Vile vipande unavyoviona usiku visikutishe. Robert Stickgold wa Harvard na wenzake walichapisha mwaka 2000 kwamba jambo hilo linawatokea wachezaji wengi wa tetris wanapoanza kusinzia, hata wagonjwa waliopoteza kumbukumbu na wasiokumbuka kwamba walicheza. Ukiacha kucheza saa moja au mbili kabla ya kulala huenda vikapungua.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Ukiona vitu viwili viwili, au kichwa kikiuma pia unaposoma au unaposhona, au ukifunika jicho moja maandishi yakafifia, nenda ukapimwe macho. Anza na hospitali iliyo karibu nawe hapo Mafinga au Iringa mjini. Wakiona haja watakuelekeza Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Huenda ni miwani tu unayohitaji, na fundi wa msumeno wa umeme hapaswi kufanya kazi na macho asiyoyaamini. Kizunguzungu kikikujia hata hujagusa kompyuta, kwa mfano unapogeuka kitandani au unapoinuka, hilo mwone daktari bila kungoja. Na kama wewe au ndugu wa damu mmewahi kupata degedege au kifafa, usiguse gemu yenye mwanga wa kumwekamweka mpaka uzungumze na daktari.

Kwa upande wa VETA, usiishie kujaza fomu. Nenda chuoni mwenyewe siku ya kazi, omba kuonana na mwalimu wa useremala, na ubebe vile vipande vya paini pamoja na michoro yako, hata ile yenye makosa. Muulize wanaanza na michoro ipi na wanatumia vifaa gani, ili ununue mapema penseli na skwea za kuchorea zinazotakiwa. Mwalimu atakayeona viungo vyako vimekaa sawasawa atajua la kukufundisha.